Senna au Brundle: Fomula 3 ya Uingereza, 1983

Katika Fomula 3, mashindano ya magari ya ngazi ya chini ya Fomula 1, Senna na Brundle waliendesha gari la aina moja, Ralt RT3 yenye injini ya Toyota, kwa hiyo msimu huu unatupa nafasi adimu ya kuwapima madereva wenyewe.

Ayrton Senna, Mbrazili wa timu ya West Surrey Racing, alishinda mbio 9 za mwanzo mfululizo. Nguvu yake ilikuwa mizunguko ya kwanza: matairi bado ni ya baridi, wenzake wanaendesha kwa tahadhari, yeye keshawaacha mbali. Martin Brundle wa timu ya Eddie Jordan hakuwa na mlipuko huo, ila alikuwa na subira. Aliposhinda kwenye uwanja wa Silverstone mwezi Juni, Senna akaanza kulazimisha mambo. Kwenye uwanja wa Oulton Park waligongana, gari la Senna likaishia juu ya gari la Brundle.

Hapo ndipo ninapomheshimu sana Brundle. Kumfukuza mtu aliyekutangulia kwa ushindi 9, hadi ukampita kwa pointi kabla ya mbio za mwisho, kunahitaji moyo wa chuma.

Lakini kwenye mbio hizo za mwisho, uwanja wa Thruxton, Oktoba, Senna alifunika kipoza oili kwa utepe ili injini ipate joto haraka, kisha akalegeza mikanda ya usalama akiwa mbioni na kuubandua kwa mkono. Alishinda, na ubingwa ukawa wake kwa pointi 132 dhidi ya 123. Kwangu mimi, bora alikuwa Senna, ingawa Brundle ndiye aliyeutia msimu huu utamu. Mwaka 1984 wote waliingia Fomula 1, Senna timu ya Toleman, Brundle timu ya Tyrrell.