Herufi 13 kutoka Lamu hadi Maskati: uzoefu wangu na FT8

"SALA GANI?" Ami yangu aliyeko Maskati aliponijibu hivyo ndipo nilipojua nimekatwa ulimi. Nilikuwa nimerudi kutoka Malindi kwa basi, hoi, nikapanda darini kwetu Langoni na kuwasha redio nimwambie NIMEFIKA SALAMA. Hesabu mwenyewe: ni 15 pamoja na nafasi. FT8, njia ya kutuma ujumbe mfupi kwa redio na kompyuta, hubeba 13. Mzee akapata NIMEFIKA SALA, akadhani niko msikitini.

Natumia WSJT-X, programu ya bure ya redio za ridhaa, na FT8 imo ndani yake. Walioiunda ni Joe Taylor na Steve Franke, ikatoka 2017. Taylor ni yule mwanafizikia wa Nobel ya 1993, aliyezoea kusikiliza nyota zinazopiga mapigo kutoka mbali mno, basi minong'ono si migeni kwake.

Kilichoniteka ni ufungashaji wake. Ujumbe mzima ni biti 77, yaani sifuri na moja 77, basi. Alama ya wito, yaani jina la kituo hewani, kama hizi zetu za Kenya zinazoanza na 5Z4, haipelekwi herufi moja moja. Umbo lake linajulikana: tarakimu hukaa wapi, herufi zisizidi ngapi. Ukihesabu alama zote zinazoweza kuandikwa kwa umbo hilo unapata kama milioni 262, na biti 28 hufika milioni 268. Kwa hiyo inatumwa namba moja tu. Mahali ni vivyo hivyo: dunia imegawanywa miraba 32,400, Lamu ikiwa LI07 na Malindi LI06, na biti 15 zinatosha zikabaki. Ukiandika maneno yako mwenyewe hakuna umbo la kushika, ndiyo maana huambulii zaidi ya herufi 13. Alama ya mshangao haimo kabisa. Ya kuuliza imo, na ami anaitumia sana.

Kisha zile 77 huongezewa 14 za kukagua na 83 za kurekebisha makosa, jumla 174. Zaidi ya nusu ya shehena ni tahadhari ya njiani! Ndiyo maana wati zangu 10 na waya niliouvuta juu ya makuti vinasikika Japani, wakati sikioni mwangu ni mvumo mtupu.

Adha yake ni saa. Kila zamu ni sekunde 15, na kutuma huchukua 12.64, kwa hiyo saa za pande zote mbili lazima ziende sawa. Juzi umeme ulikatika na intaneti ikaondoka nao. Niliita nusu saa, kimya. Nikasema chumvi imekula antena, nikapanda na tochi, nikafungua kiungio, nikakipiga msasa hadi kikang'aa. Kumbe kompyuta ilikuwa nyuma sekunde tatu. Sasa nina kidude cha GPS cha kuirekebisha saa, na kiungio kisafi ambacho hakikuwa na kosa.

Nyota nne. Mpenda gumzo asijisumbue, humu ni alama, nguvu ya ishara, na kwaheri. Sisi wawili tumeshazoea: mimi natuma SHIKAMOO AMI, herufi 12, naye baada ya sekunde 15 ananirudishia MARAHABA.