Bima ya gari imepanda: ukate nini, usiguse nini

Aliyenigonga kwa nyuma alishuka akiwa mpole kabisa. Aliomba radhi, akanionyesha stika ya bima kwenye kioo chake cha mbele, tukapeana namba za simu. Stika ilikuwa na muhuri, tarehe, kila kitu. Siku tatu baadaye kampuni iliyoandikwa kwenye stika ikanijibu kwamba mkataba wenye namba ile haupo kwao. Yule mpole naye akawa hapatikani. Mimi nilikuwa na bima ndogo, na bima ndogo hailipi gari lako, inamlipa uliyemgonga wewe. Bampa, taa moja na kifuniko cha buti vikatoka mfukoni mwangu.

Kwa hiyo orodha hii ya aina za bima sikuipanga kwa urahisi wa bei. Nimeipanga kwa swali moja: ukigongwa na mtu asiye na bima, nani atalipa?

Na watu hao si wa kuhesabu kwa vidole. Marekani, ambako karibu kila jimbo linalazimisha bima, makadirio ya Insurance Research Council, taasisi ya utafiti wa bima, ya miaka ya karibuni ni kama dereva mmoja kati ya saba au wanane hana. Ada ikipanda, wengine huacha kulipa. Hasara wanazosababisha huangukia bima za wenzao, na ada hupanda tena. Huko huko Marekani, takwimu za serikali za Machi 2024 zilionyesha bima ya magari imepanda kwa zaidi ya asilimia 20 ndani ya mwaka mmoja. Kupanda kwenyewe hakuna uchawi. Bampa la zamani lilikuwa plastiki na rangi. La leo lina vihisi vya kielektroniki ndani yake. Kioo cha mbele kina kamera, na kikibadilishwa kamera hiyo mara nyingi inabidi ipimwe upya kwa mashine. Ongeza bei za vipuri na magari zilizoruka baada ya korona.

Haya, tununue.

1. Bima kubwa, huku ukibeba kiasi kikubwa zaidi mwenyewe

Watu wengi bei ikipanda hukimbilia kushusha aina ya bima, kutoka kubwa, inayolipa hata gari lako, kwenda ndogo. Nadhani wanakata mahali pasipofaa. Kila mkataba wa bima kubwa una kiasi ambacho wewe hulipa kwanza kabla kampuni haijatoa chake. Hicho ndicho cha kucheza nacho. Ukikubali kukiongeza, unaiambia kampuni kwamba mikwaruzo utamalizana nayo mwenyewe, nayo inakupunguzia ada.

Omba bei kwa viwango vitatu vya kiasi hicho, kisha piga hesabu. Tuseme umekiongeza kwa 300 na ada ikashuka 100 kwa mwaka: ukikaa miaka mitatu bila kudai, umerudisha. Ikishuka 20 tu, achana nayo, miaka kumi na mitano ni mingi. Sharti ni moja, na watu hulisahau: fedha ya kiasi hicho iwepo kweli, imekaa pembeni. Kama haipo, siku ya ajali gari litalala gereji likikungoja wewe.

Uliza pia: nikigongwa na asiye na bima, je, punguzo langu la miaka bila madai linabaki? Baadhi ya makampuni ya Uingereza huliacha kama ulivyokuwa nalo, mradi utoe namba ya gari lililokugonga. Mengine hulikata hata kama hukukosea.

Bima kubwa huacha kuwa na maana gari likizeeka. Kipimo kinachotumika sana ni hiki: ada ya mwaka ikizidi sehemu ya kumi ya thamani ya gari, shuka namba mbili.

2. Bima ndogo pamoja na nyongeza ya dereva asiye na bima

Nyongeza hii hukulipa wewe ukigongwa na asiye na bima. Kwa gari kuukuu hii ndiyo ningechukua, pale inapouzwa. Baadhi ya majimbo ya Marekani yanailazimisha kabisa. Angalia kitu kimoja: nyongeza hii mara nyingi ina sehemu mbili, ya mwili na ya gari, na wakala anaweza kukuuzia ya mwili peke yake. Soma ukurasa wa mafao kabla ya kusaini, usitegemee maneno ya mezani.

Kabla ya kuinunua, jua pia nchi yako tayari inabeba nini. Uingereza ina Motor Insurers' Bureau tangu 1946. Hulipa walioumizwa na wasio na bima au waliokimbia, kwa fedha za makampuni ya bima, yaani za wanaolipa ada. Afrika Kusini hukata tozo kwenye mafuta kwa ajili ya Road Accident Fund, lakini mfuko huo hutazama walioumia na waliofiwa, bodi ya gari haimo. New Zealand, ambako tangu 1974 majeruhi wa ajali hutibiwa bila kuulizana nani kakosa, haimlazimishi mtu kuwa na bima ya gari.

3. Kulipia kwa kilomita

Hii ni namna ya kulipa tu, unaweza kuiunganisha na namba moja au mbili. Inamfaa ambaye gari lake hulala zaidi ya linavyotembea. Kifaa kinachohesabu kilomita kinaweza kuandika pia unavyofunga breki na saa unazoendesha, kwa hiyo mtu wa safari za usiku aulize kwanza.

4. Bima ndogo yenye moto na wizi

Nzuri kama unaogopa wezi. Kwa swali letu la mwanzo haina jibu.

5. Bima ndogo tupu

Inatimiza sheria, basi. Niliyokuwa nayo siku ile ndiyo hii.

Ukichagua yoyote, usitaje thamani ya gari chini ya ilivyo ili ada ipungue. Kuna mikataba ambayo, ukitaja thamani ya 6 kwa gari la 10, hata matengenezo madogo yatalipwa asilimia 60. Na usiandikishe gari kwa jina la mzazi wakati anayeliendesha kila siku ni kijana. Kampuni ikigundua inaweza kukataa madai yote.

Mkataba ukishatoka, piga simu ofisi ya kampuni yenyewe, si kwa wakala, uwasomee namba yako. Na ukigongwa, piga picha namba ya gari kabla ya kitu kingine chochote. Mimi nilikuwa na picha nne za stika na moja tu ya namba, tena nayo ilitoka na ukungu.