Rima ya digrii 11 ya koni ya mtutu: niliikodi siku tano

Rivolva yangu ya .357 ilikuwa inatema. Kila nikipiga .38 Special za greni 158 (kipimo cha uzito wa risasi), zile za madini ya risasi pekee zisizovikwa shaba, jirani yangu kwenye uwanja wa shabaha alisikia vichembe vikimrukia mkononi. Nikirudi nyumbani Houston, nilikuta ukoko wa madini ya risasi umeganda kwenye koni, yaani mdomo wa nyuma wa mtutu uliopanuliwa ili risasi ikitoka kwenye silinda iingie kwenye mifereji ya ndani ya mtutu bila kugonga ukingo.

Kabla ya kuilaumu koni, nilikagua silinda. Inajifunga barabara, kila tundu linatazamana na mtutu, na fila, yaani bamba jembamba la kupimia mwanya, ilipita inchi 0.005 kati ya silinda na mtutu. Hapo pako sawa. Nikamulika tochi: koni ilikuwa na michubuko ya duara, kama chuma kilichokatwa kwa haraka.

Nikakodi kwa posta seti ya rima, yaani kifaa cha kuikata koni upya. Ndani mna kikatio cha digrii 11, fimbo ndefu, mpini wa T na koni ya shaba nyeupe inayokaa kwenye mdomo wa mbele wa mtutu ili fimbo isiyumbe. Hakikisha bastola haina kitu, toa silinda, pitisha fimbo kutokea mbele, kisha funga kikatio upande wa nyuma, pale silinda ilipokuwa. Unazungusha huku unavuta kuja kwako. Mtutu haung'olewi kwenye fremu, na hapo ndipo fedha yangu ilipojilipa. Mafuta ya kukatia usiyaonee uchungu. Zungusha kwenda kulia tu, kwani kurudisha nyuma kunaua meno ya kikatio. Mimi nilifuta vumbi la chuma kila baada ya mizunguko mitatu.

Kasoro yake kubwa: geji, yaani kipimo cha upana wa koni, haimo. Nililazimika kuinunua pembeni, na bila geji nisingethubutu kabisa. Koni ikizidi upana, shabaha inaharibika, na dawa yake ni kuurudisha mtutu nyuma kwa fundi au kununua mwingine. Nilipima kila nilipofuta.

Lakini kilichonifurahisha zaidi ni kipande cha shaba cha kusugulia kilichomo pia kwenye seti. Unakipaka pesti ileile ya kusagia valvu, unazungusha kwa mkono mwepesi. Nilianza ufundi gereji Tanga, nikisaga valvu za Bedford kwa kijiti, na mkono ulikumbuka wenyewe: sikiliza mkwaruzo, ukilainika simama. Naamini kazi kubwa ilifanyika hapa kuliko kwenye kukata. Kisha osha pesti yote, hata iliyojificha kwenye mifereji, maana ikibaki itaendelea kula chuma.

Nilipiga risasi hamsini za aina ileile. Jirani hakusikia kitu, na koni ilisafishika kwa kitambaa chenye mafuta. Shabaha sikuona tofauti.

Seti nimeirudisha. Geji ninayo, na rafiki yangu wa Katy, mji wa jirani na Houston, ameshaiomba kwa ajili ya Smith & Wesson Model 19 yake, nayo ni rivolva ya .357. Nimemwambia aje tupime tu. Koni ya Model 19 imekatwa bapa upande wa chini, chuma pale ni chembamba na ndipo zinapopasukia, kwa hiyo rima hatutaigusa.