Uzoefu wangu na jdeps: kupima msimbo wa Java 8 kabla ya kuuhamisha

Kama una mfumo ulioandikwa enzi za Java 8 na sasa unatakiwa kuupeleka 11, 17 au mbele zaidi, anza na jdeps, chombo kinachoonyesha msimbo wako unategemea nini. Mwenye haraka aondoke na hilo. Ni chombo cha bure, kimo ndani ya JDK (vifaa vya kutengenezea programu za Java) tangu toleo la 8 lilipotoka mwaka 2014, na hakikulazimishi kubadili hata mstari mmoja wa mradi wako. Ila kuna mahali kinanyamaza, na ukimya wake ndio ulionifanya niandike haya.

Mfumo niliopewa kuuhamisha ulikuwa na maktaba nyingi za watu wengine, nyingine zimeachwa na waandishi wake na chanzo chake hakipatikani tena. Java 9 ilipotoka Septemba 2017 iliigawa JDK yote katika moduli, yaani mafungu ya pakiti yenye mipaka. Faili la rt.jar, lililobeba klasi za Java zenyewe, likaondolewa, na kila moduli ikaanza kutangaza pakiti (makundi ya klasi) zipi ziko wazi kwa wengine na zipi ni za ndani. Waliozoea kuchota vitu kwenye sun.misc, pakiti ya ndani ya JDK, wakakuta mlango una kufuli. Kusema kweli onyo lilikuwepo miaka mingi. Kompaila ilinung'unika, sisi tukaendelea.

Sifa kubwa ya jdeps ni kwamba haisomi chanzo. Inasoma faili za .class na za JAR (vifurushi vya klasi) zilizokwisha kompailiwa, kwa hiyo maktaba iliyotelekezwa inapimwa sawasawa na msimbo ulioandikwa jana. Amri niliyoitegemea ni hii:

jdeps --jdk-internals --class-path 'lib/*' mfumo.jar

Kwa chaguo hilo inapitia faili ulilolitaja pamoja na kila kitu kilichomo kwenye class path, yaani orodha ya mahali Java inapotafuta klasi. Tumia jdeps ya JDK unayohamia, siyo ile ya 8. Ya 8 nayo inafanya kazi, ila haijui lolote kuhusu moduli, na chaguo lenyewe huko linaandikwa -jdkinternals.

Majibu yake yanasomeka vizuri kuliko nilivyotarajia. Inataja klasi inayokosea, pakiti ya ndani ambayo klasi hiyo inaitumia, na mwishoni inaweka jedwali la mbadala. Msimbo wetu ulikuwa umejaa sun.misc.BASE64Encoder, na jedwali likasema tutumie java.util.Base64, iliyopo tangu Java 8. Kazi hiyo ilikuwa ya kutafuta na kubadilisha tu. Zingatia tofauti ya maneno mawili kwenye majibu: «JDK removed internal API» maana yake kitu hicho hakipo tena na programu itaanguka, «JDK internal API (jdk.unsupported)» maana yake bado kipo, kimeachwa kwa makusudi. sun.misc.Unsafe, klasi ya kugusa kumbukumbu moja kwa moja, iko kwenye kundi la pili, kwa sababu maktaba nyingi mno ziliiegemea. Ukiona maktaba fulani imetajwa kwa sababu ya Unsafe, usikimbilie kuitupa. Tafuta kwanza kama ina toleo jipya.

Kero zipo. Ukikutana na JAR yenye matoleo mengi ndani yake (klasi tofauti kwa kila toleo la Java), jdeps inakataa kuendelea mpaka uongeze --multi-release na namba ya toleo. Ujumbe wa kosa unaeleza tatizo, ila sioni kwa nini isichague toleo la JDK inayoiendesha.

Jambo la JAXB, maktaba ya kubadilisha XML kuwa vitu vya Java na kinyume chake, linahitaji amri nyingine. Java 11 iliondoa moduli za Java EE na CORBA, java.xml.bind ikiwemo. Pakiti ya javax.xml.bind haikuwa ya ndani, kwa hiyo usitegemee --jdk-internals ikuonyeshe. Endesha jdeps -s (inayotoa muhtasari) ya JDK 11 au zaidi, na ukiona «not found», rudia bila -s ili ujue ni klasi zipi zinazokosekana. Dawa yake ni kuongeza JAXB kama maktaba ya kawaida.

Sasa ule ukimya. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na hapa mshindo unaitwa rifleksheni, yaani programu kutafuta na kutumia klasi kwa majina wakati inaendeshwa. jdeps inaona miito iliyoandikwa waziwazi kwenye msimbo. Maktaba inayoita Class.forName kwa jina lililotungwa wakati programu inaendeshwa, au inayofungua sehemu za siri za java.lang kwa setAccessible(true), haionekani kabisa. Tulikuwa na maktaba moja ya kutengeneza ripoti iliyopita jdeps bila doa, kisha ikaanguka kwenye Java 17 kwa InaccessibleObjectException.

Kinachochanganya ni kwamba matoleo ya 9 hadi 15 yaliruhusu tabia hiyo kwa chaguo-msingi, yakatoa onyo kwa kosa la kwanza tu na kunyamaza. Java 16 ikaanza kukataa, na 17 ikaondoa uwezo wa kulegeza kwa --illegal-access. Ndiyo maana nashauri upitie 11 kwanza hata kama mwisho wa safari ni 17. Endesha majaribio yako yote hapo ukiwa na --illegal-access=debug, upate kila kosa pamoja na mlolongo mzima wa miito, halafu rudia kwa deny, inayokataa kabisa. Pale ambapo maktaba haina toleo jipya, --add-opens java.base/java.lang=ALL-UNNAMED itakuvusha, mradi uandike mahali kwa nini umeiweka.

Kuna makosa mengine ambayo huwezi kuilaumu jdeps kwa kutoyaona: msimbo unaosoma java.version ukitarajia ianze na «1.», au unaodhani kipakia-klasi cha programu (sehemu ya Java inayopakia klasi kwenye kumbukumbu) ni URLClassLoader. Yote mawili yanakompailika bila tatizo na kuanguka baadaye.

Kuhusu --generate-module-info, inayokutungia module-info.java (faili linalotangaza moduli), niliijaribu nikaiacha. Class path bado inafanya kazi, hakuna anayekulazimisha kugeuza mfumo wako kuwa moduli, na ukiwa na pakiti moja iliyogawanyika kwenye JAR mbili utapoteza muda mwingi kwa faida ndogo. Nilichobakiza ni maven-jdeps-plugin, kiongezo cha chombo cha ujenzi cha Maven kinachoendesha jdeps, kwenye ujenzi wa kila siku, ili mtu akiingiza tena pakiti ya ndani ujenzi ukwame hapohapo, pamoja na jdeprscan, iliyokuja na Java 9, kwa ajili ya API zilizokwisha kutangazwa kuwa zitaondolewa.