Maikrowevu ya Kupachika Kabatini: Ipi Inafaa Jiko la Mwanza, Ipi Iache Dukani

Kama uko kwenye hatua ya makabati huko Kiseke, Buswelu, Bwiru au Isamilo, na fundi ameshakuuliza maikrowevu itakaa wapi, usimwonyeshe kwa kidole. Mpe vipimo vya mashine unayoinunua. Majiko mengi mapya hapa mjini yanaharibikia hapo: fundi anaacha uwazi wa kukadiria, kabati linapakwa rangi na kukauka, ndipo mwenye nyumba anaanza kuzunguka madukani kutafuta oveni itakayoenea. Mwisho ananunua ile ya kuweka juu ya kaunta na kuisukumiza ndani ya kabati lisilopitisha hewa. Inafanya kazi kwa muda, halafu inaanza kujizima yenyewe katikati ya kupasha wali.

Kazi yangu ni kupanga majiko, na swali hili naulizwa mara nyingi kuliko la aina ya tailizi. Mpangilio ulio hapa chini, kuanzia ninayoipendekeza zaidi hadi ya kuiacha dukani, umezingatia nyumba ya kawaida ya huku kwetu: familia ya watu watano sita, umeme wa LUKU unaopanda na kushuka, unyevu wa ziwa, na friza ambayo haikosi sato au minofu ya sangara. Ungekuwa unaishi peke yako ghorofani Dar, labda ningeupanga tofauti.

Nafasi ya kwanza: lita 25 yenye grili, ndani ya kabati refu

Hii ndiyo ningemchagulia hata dada yangu. Inakaa kwenye kabati lile refu linalotoka sakafuni hadi juu, kwenye uwazi wa upana wa sentimita 56, urefu wa kwenda juu wa sentimita 38 hivi, na kina cha sentimita 55. Uso wake una upana wa karibu sentimita 60, kwa hiyo unafunika kingo za ubao na hakuna anayeona mkato wa msumeno. Vipimo hivi viwanda vingi vya Ulaya na Asia vinakubaliana navyo, ila sentimita moja au mbili za kwenda juu hutofautiana, na hizo ndizo zinazomfanya fundi arudi mara ya pili. Fuata kijitabu cha mashine yenyewe.

Kwa nini lita 25 na si 20? Sababu ni sahani. Sahani ya kulia chakula nyumbani mara nyingi ina kipenyo cha sentimita 27 hivi, wakati kioo kinachozunguka ndani ya oveni nyingi za lita 20 ni cha sentimita 25 au chini kidogo. Sahani inagusa ukuta, inakwama, chakula kinapata moto upande mmoja. Kwenye lita 25 kioo hufika sentimita 31, na sato wa saizi ya kati anaenea akiwa mzima. Ukienda dukani chukua sahani yako kubwa kabisa kwenye mfuko. Muuzaji atakushangaa, wewe ifungue oveni na uiweke ndani.

Grili nayo ina faida yake, hasa kwetu tunaokula samaki. Sato wa kuchoma aliyelala kwenye friji akipashwa kwa mawimbi peke yake ngozi inalegea kabisa. Mpe dakika chache za grili mwishoni, ngozi inarudi kuwa kavu. Usidanganywe tu kwamba grili ni oveni ya kuokea keki. Ni kipande cha moto kilicho juu, basi.

Ukuta wa ndani uwe wa chuma kisichoshika kutu ukiweza. Ule uliopakwa rangi ni rahisi zaidi, lakini mafuta ya samaki na mvuke vikikaa, rangi huvimba na kubanduka, kutu inaingia, na kwenye kidonda cha kutu ndipo cheche zinapoanzia.

Nafasi ya pili: lita 20 isiyo na grili, kwenye kabati la ukutani

Kwa jiko dogo, na nyumba za kupanga zinazojengwa Nyegezi zina majiko madogo kweli, hii ni mkombozi. Zipo zilizotengenezwa kuingia kabati la ukutani lenye kina cha sentimita 30 tu, hivyo kaunta yote inabaki huru. Ni nyepesi, vitufe vyake ni vichache, na kisichokuwepo hakiharibiki.

Nimeishusha hadi ya pili kwa sababu ya kimo. Vijitabu vingi husema oveni iwe angalau sentimita 85 kutoka sakafuni. Lakini kabati la ukutani linaanzia juu sana, na bakuli la supu ya moto likishushwa kutoka usawa wa macho, linalomwagika linakwenda usoni na kifuani. Kama mpishi mkuu wa nyumba ni bibi, au ni binti mfupi, mwambie fundi ashushe hilo kabati moja peke yake, sakafu ya oveni isizidi usawa wa mabega ya mwenye kuitumia. Wapambaji wanapenda mstari ulionyooka. Mimi napenda watu wasiungue.

Nafasi ya tatu: ya kaunta, kwenye rafu iliyo wazi

Si ya kupachika, najua. Lakini kwa mpangaji, au kwa mtu ambaye bajeti imeishia kwenye jipsamu, ni uamuzi wa busara kuliko kununua ya kupachika iliyotumika bila kujua imetoka wapi. Zipo kila duka la vyombo vya umeme katikati ya mji na Rock City Mall, na mafundi wanazijua.

Sharti ni moja: rafu iwe wazi mbele, na hewa ipite pembeni, nyuma na juu. Nyingi zinataka sentimita 20 hadi 30 za uwazi juu yake. Kuna fremu za kuigeuza ya kaunta ionekane kama ya kupachika. Nunua fremu hiyo pale tu kiwanda kilekile kinapoitengeneza kwa ajili ya modeli hiyohiyo. Fremu ya kuchongesha kwa seremala inapendeza na inaziba njia za hewa.

Nafasi ya nne: kombi ya sentimita 45

Hii ni maikrowevu na oveni ya kuokea kwa pamoja, lita 40 na zaidi, na uwazi wake ni wa sentimita 45 kwenda juu. Kwa mtu anayeoka mikate na keki za biashara na hana oveni nyingine, ningeipandisha hata ya kwanza. Ila majiko mengi huku tayari yana jiko la gesi lenye oveni chini, na kombi inakuwa kulipia kitu kimoja mara mbili.

Halafu kuna umeme. Soketi zetu ni za ampia 13, na kwa volti 230 hiyo ni wati 2,990. Kombi nyingi zinavuta zaidi ya hapo zikiwasha kila kitu, hivyo zinahitaji laini yake toka kwenye mein switchi, yenye waya mnene na breka yake. Kama wayaringi imeshafunikwa na plasta, hesabu gharama ya kuchimbua ukuta. Na uzito: nyingi hufika kilo 35 au zaidi. Kwa nyumba iliyopanda mlimani, ambako gari linaishia chini na watu wanamalizia ngazi za mawe, tafuta vijana wawili wanaoaminika.

Ya mwisho: droo na zile za Marekani

Maikrowevu za droo, na zile zinazotundikwa juu ya jiko zikiwa na feni ya kuvuta moshi, zinavutia sana kwenye picha. Karibu zote zimetengenezwa kwa ajili ya Marekani, yaani volti 120 na hezi 60 (hezi ni mara ngapi umeme unageuka kwa sekunde). Sisi tuna volti 230 na hezi 50. Transfoma ya kushushia umeme inabadilisha volti, haibadilishi hezi, na transfoma iliyo ndani ya oveni ikipewa hezi 50 badala ya 60 inachemka hadi kuungua. Zinazotoka Japani nazo ni za volti 100. Zilizotumika kutoka Uingereza au Dubai zinaendana na umeme wetu, lakini geuza mashine usome kibandiko cha nyuma: kiandikwe 220–240 V na 50 Hz. Maneno ya muuzaji hayatoshi.

Hewa, ambayo ndiyo roho ya kazi yote

Ukisahau yote niliyoandika, shika hili. Kabati la maikrowevu ya kupachika halizibwi mgongo. Hewa inatakiwa iingie kwa chini, ipande nyuma ya mashine, itokee juu. Kati ya kabati na ukuta paachwe sentimita 4 hadi 5, na ubao wa rafu usigusane na ukuta. Kwenye kabati refu, baadhi ya viwanda vinataka tundu la kutolea hewa lenye eneo la sentimita za mraba 250.

Tatizo ni kwamba fundi mzuri anaona mgongo ulio wazi kama kazi isiyomalizika. Kule Buswelu nilimkuta fundi, mikono yake safi sana kwa kazi, ameshika hadibodi tayari kuziba. Nikawasha oveni ichemshe jagi la maji, kisha nikamwambia, "Fundi, hebu weka kiganja huku nyuma." Akaweka, akautoa haraka. "Lo, joto lote hili linatokea huku?" Hadibodi akaiegemeza ukutani, akachukua msumeno na kupunguza ubao wa rafu bila mimi kusema neno.

Joto hilo likifungiwa, kifaa cha usalama kinazima mashine, na MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, inavimba kwa mvuke. Karibu na ziwa ningependelea marine bodi, plaiwudi inayohimili maji, kwa kabati hili, hata kama mengine yote ni ya MDF. Kwenye matundu ya hewa funga wavu mwembamba wa chuma ambao utausafisha mara kwa mara. Vile vidudu vya ziwani vinavyopanda juu ya maji kama moshi mweusi vinafuata taa usiku na vinaingia popote, na mende wanapenda joto la ubao wa umeme wa saa na vitufe kuliko sehemu yoyote ya jiko. Oveni nyingi zinazoonekana zimekufa zimeliwa hapo tu.

Umeme na samaki wa friza

Oveni iliyoandikwa wati 900 inavuta kama wati 1,400 kutoka ukutani, kwa sababu wati 900 ni zile zinazofika kwenye chakula. Dakika sita ni kama uniti 0.14, kwa hiyo haitamaliza LUKU yako. Kinachounguza nyumba ni kuichomeka kwenye ekstensheni moja na birika la umeme. Soketi yake iwe kwenye kabati la pembeni, mahali mkono unafika, isiwe nyuma ya mashine. Na weka gadi ya umeme inayochelewesha umeme unaporudi, yenye uwezo wa kubeba mzigo huo.

Kuhusu teknolojia ya invata, nina msimamo. Oveni ya transfoma ikiambiwa iyeyushe barafu kwa nguvu ndogo haipunguzi nguvu, inawaka yote na kuzima, inawaka na kuzima. Minofu ya sangara inaiva kingoni, katikati bado jiwe. Ya invata inapunguza nguvu yenyewe na samaki anayeyuka sawasawa. Lakini ubao wake wa umeme ni ghali na hauvumilii umeme wa kurukaruka. Kama unayeyusha samaki kila wiki na gadi utaiweka, chukua invata. Kama kazi yake ni kupasha ugali, chai na mchuzi, ya transfoma itazeeka nawe.

Siku ya kulipa

Angalia mlango unafungukia upande gani. Nyingi bawaba ziko kushoto na hazihamishiki, kwa hiyo kabati likiwa limebanwa na ukuta wa kushoto mlango hautafunguka vya kutosha kutoa sahani. Dai risiti ya EFD na waranti ya maandishi yenye namba ya mashine, na uliza kama kioo kinachozunguka na swichi za mlango vinapatikana hapa hapa Mwanza.

Kisha omba ichomekwe. Weka lita 1 ya maji ya kawaida kwenye chombo cha kioo, pima joto lake, washa nguvu zote kwa dakika 2, koroga, pima tena. Tofauti ya nyuzi zidisha kwa 35, utapata wati zinazofika kwenye maji. Nyuzi 25 ni karibu wati 875. Oveni ya wati 900 ikikupa nyuzi 15, na umeme wa duka uko sawa, omba boksi lingine. Ikifaulu, ipeleke nyumbani na boksi lake, na mpigie fundi aje na tepu kabla hajakata ubao wowote.