Nilivyompima daktari kabla hajanikata tumbo: uzoefu wangu

Niko Lubumbashi, Katuba, nina kisukari na presha, na uzito ulikuwa umenishinda kwa miaka. Ninayemsimulia ni daktari wa upasuaji wa Johannesburg. Tuliongea kwanza kwa video, kisha ana kwa ana, kabla sijakubali slivu, upasuaji unaoondoa zaidi ya robo tatu ya mfuko wa chakula. Kipande hicho kikishaondolewa hakirudi, kwa hiyo sikutaka kuharakishwa.

Kliniki ya kwanza, katika nchi nyingine, ilinitumia bei na picha za watu waliokonda. Nilipouliza nani hasa atanipasua, wakajibu "timu yetu". Nikaachana nao.

Huyu nilimuuliza: Daktari, slivu umefanya ngapi, na mwaka jana je? Maana mtu anaweza kuwa na miaka 20 ya kupasua ngiri na nyongo, lakini kwenye slivu bado anajifunza. Alinitajia hesabu bila kusita, slivu mbali, baipasi (upasuaji wa kuunganisha sehemu ndogo ya mfuko wa chakula na utumbo) mbali, na wale aliorudia baada ya kupasuliwa na mwingine mbali.

Kilichonituliza zaidi ni alivyoeleza habari ya kuvuja, yaani mfuko uliokatwa kuvuja pale uliposhonwa. Alichora mfuko wa chakula kwenye karatasi, akaupitishia mstari wa pini zinazofunga palipokatwa, halafu akatia alama juu kabisa, karibu na umio. Binti yangu akanitafsiria: "Mama, hapa ndipo panapovuja mara nyingi. Hata wagonjwa wangu imewahi kuwatokea." Daktari akataja dalili: homa, moyo kwenda mbio, maumivu yanayozidi. Akasema yanaweza kuanza mgonjwa akiwa ameshatoka hospitali, ndiyo maana alinikataza kupanda ndege upesi kurudi Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi. Tena kukaa muda mrefu kwenye kiti huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Daktari anayedai hajawahi kupata tatizo mimi simwamini: ama amepasua wachache, ama hafuatilii wagonjwa wake.

Hesabu ina maana. Mwaka 2013 ulitoka utafiti wa Michigan, Marekani: madaktari 20 walirekodiwa wakifanya baipasi, wenzao wakatoa alama bila kujua ni video ya nani. Waliopata alama za juu ndio wagonjwa wao walipata matatizo machache, na ndio waliokuwa wakipasua wengi zaidi kwa mwaka.

Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Nampa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya ufuatiliaji: bei haikuhusisha mtaalamu wa lishe, na majibu ya WhatsApp huchelewa. Vitamini nitameza maisha yote, na damu lazima ipimwe chuma na B12. Kazi hiyo sasa anaifanya daktari wangu wa hapa Lubumbashi. Nawaomba mnaojiandaa, mkutanisheni daktari wenu wa nyumbani na huyo wa upasuaji kabla hamjalipa hata dola moja.