Ditekta ya AI au kumhoji mwanafunzi: ipi ina haki zaidi?
Kwa spidi ditekta, yaani programu inayokisia kama insha imeandikwa na AI, inashinda, unabandika insha mia jioni moja na majibu unayo. Ila kwa haki mi siiamini kabisa kwa mtu ambaye Kiingereza sio lugha yake, maana 2023 watafiti wa Stanford walipima ditekta 7 kwa insha 91 za TOEFL (mtihani wa Kiingereza kwa wasio na lugha hiyo nyumbani) zilizoandikwa na watu, na kwa wastani zaidi ya nusu zikaitwa za AI, kisa maneno yao ni ya kawaida na yanatabirika. Inauma sana. Kumhoji na kupitia rasimu zake kwenye Google Docs kunakula muda, na mwenye aibu anaweza kukwama, lakini angalau anajitetea. Darasa la watu 20, hoji. Ukiwa nao 300, ditekta ikuonyeshe tu wa kuongea naye, maksi usiguse kabla hujamsikia.